Paka wa Manyoya Marefu

Paka wengi wa Butembo na Beni wana manyoya mafupi. Hatuwafugi kwa urembo, twawafuga kwa kazi. Penye mahindi na maharagwe panya hawakosekani, na penye panya paka hupata chakula chake kwa haki. Paka wa manyoya mafupi hahitaji mtu wa kumchana. Hujiramba mwenyewe, na kazi imekwisha. Lakini mara chache huzaliwa kati yao mmoja mwenye manyoya marefu kama sufu. Huyo anahitaji mkono wa mtu, na mara nyingi mkono huo haupendi.

Sisi tulikuwa na mmoja wa namna hiyo. Wanafunzi walimwita Sufu. Alizaliwa Beni, kwa mama wa manyoya mafupi kabisa, akaletwa kwetu Butembo ndani ya kikapu, safari ya kilometa 54, ili alinde depo ya maharagwe. Watu walimstaajabia. Wengine walinong'ona kwamba si paka wa kweli, maana mama wa manyoya mafupi angezaaje mtoto kama huyu?

Jibu la swali hilo lilianza kupatikana zamani. Mtawa mmoja, jina lake Gregor Mendel, alipanda njegere katika bustani ya monasteri yake huko Brno, akatoa makala ya mambo aliyoyaona mwaka 1866. Alionyesha kwamba tabia nyingine hujificha ndani ya wazazi, kisha hutokea kwa watoto. Ndivyo ilivyo kwa paka. Mtoto hupata manyoya marefu akiwa amerithi urefu huo kwa baba na kwa mama pia, hata kama wao wenyewe hawauonyeshi. Basi kwa Sufu hapakuwa na uchawi wowote. Ulikuwa urithi uliofichika.

Sasa tazameni ulimi wa paka. Ukikuramba mkono, wasikia ukali kama wa msasa. Ulimi huo una miiba midogo mamia, iliyopindika kuelekea nyuma. Mwaka 2018 wataalamu wawili wa Marekani, Alexis Noel na David Hu, walieleza kwamba ncha za miiba hiyo zina mfereji, kama kijiko kidogo. Zinachota mate kinywani na kuyapeleka ndani ya manyoya mpaka kwenye ngozi. Lakini wataalamu hao waliona pia kwamba kwa paka wa Uajemi, wenye manyoya marefu mno, miiba haifiki ngozini. Basi paka wa namna hiyo hujiramba kwa bidii, na huku chini manyoya yaliyokufa yanasokotana na kufanya mafundo.

Mafundo ya Sufu yalianza kwapani, nyuma ya masikio na tumboni. Tena huku kwetu kuna kishonanguo, yale majani ambayo mbegu zake nyeusi hushika nguo za kila apitaye njiani. Kila Sufu alipotoka shambani, alirudi na mbegu hizo tele. Fundo likawa juu ya fundo, hata akaanza kutembea kama mwenye kuchechemea.

Siku moja, nilipokuwa safarini Beni, wavulana watatu walitaka kumsaidia. Mmoja alimshika miguu, wa pili kichwa, wa tatu akavuta kwa burashi ya nguo. Nia yao ilikuwa njema. Lakini Sufu alilia, akajipindua, akamwuma mmoja mkononi hata damu ikatoka. Tangu siku ile, alipoona burashi alikimbilia juu ya paa. Usiku hakushuka tena katika depo. Panya wakajua, wakatoboa magunia. Niliporudi, mpishi aliniambia: «Furere, paka huyu amekuwa mkali. Afadhali tumtupe mbali.»

Nikamjibu: «Baba, tusianze na paka. Tuanze na mtoto.»

Sikilizeni vema. Paka aweza kuambukiza kichaa cha mbwa, sawasawa na mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa. Lakini kabla ya dalili, waweza kuzuiwa. Mtu akiumwa, aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni, kwa muda wa dakika 15 nzima, kisha aende kituo cha afya siku ile ile. Watu wa Beni na Butembo walijifunza thamani ya maji na sabuni wakati wa Ebola, tangu mwaka 2018 hata 2020. Wasiisahau. Mvulana wetu alikuwa ameosha upesi, akapelekwa, akadungwa sindano za chanjo. Paka naye alifungiwa na kuangaliwa siku 10. Aliendelea kuwa mzima. Hapo ndipo tulipoanza kusema habari za kichanuo.

Kwanza niliwauliza wavulana: «Mbona Sufu anachukia kuchanwa?» Wakajibu: «Ana kiburi, Furere.» Nikamwambia mmoja wao ashike nywele chache za kichwa chake na kuzivuta mara moja. Akakunja uso. Basi, ngozi ya paka ni nyembamba kuliko ya mtu, na fundo huivuta kila anapopiga hatua. Tena mnyama aliyeshikwa miguu yote minne anadhani anauawa. Asiyeweza kusema «naumia» husema kwa kucha.

Kisha tukafanya hivi. Siku saba za kwanza hatukumchana hata kidogo. Tuliweka kichanuo sakafuni, na kando yake kipande cha kichwa cha samaki wa Vitshumbi. Sufu akala, akainusa ile chuma, akaenda zake. Baadaye nilimpitishia mgongo wa kichanuo shavuni, mahali ambapo paka hupenda kukunwa. Mara mbili tu, kisha samaki. Halafu nikageuza upande wa meno, nikachana shingo na mabega. Tumbo na mkia niliviacha mpaka mwisho, maana hapo paka hana subira.

Nilitumia kichanuo cha chuma chenye meno mapana. Kila fundo nililishika kwa vidole karibu na ngozi, ili maumivu yasifike, nikaanza kulifungua kwenye ncha za manyoya, si kwenye shina. Kazi ilikuwa ya dakika mbili, si zaidi. Mkia ukianza kupiga huku na huku, masikio yakilala nyuma, au ngozi ya mgongo ikitetemeka, niliacha mara moja. Paka akiona kwamba unaacha anapoomba kwa upole, hana haja ya kuomba kwa meno.

Kuna mambo matatu ya kukatazwa kabisa. Usikate fundo kwa makasi, kwa kuwa ngozi huinuka pamoja na manyoya, nawe utaikata bila kuiona. Usimwogeshe paka mwenye mafundo, maana maji huyakaza zaidi. Wala usimpake mafuta ya taa au dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa. Dawa nyingi za mbwa zina permetrini, nayo yaweza kumwua paka.

Mafundo mawili ya kwapani yalikataa. Yalikuwa magumu kama ngozi ya kiatu. Hayo tulimpelekea daktari wa mifugo, akayanyoa kwa mashini. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka. Mpishi alikuwapo. Alitazama kimya, kisha akasema: «Maskini, kumbe alikuwa anabeba kidonda.» Hakusema tena habari za kumtupa.

Mwezi wa tatu Sufu alirudi katika depo. Mvulana yule aliyeumwa ndiye aliyemchana kila jioni, akimwita kwa jina kabla ya kumgusa. Sitasema kwamba Sufu alikipenda kichanuo. Hakukipenda kamwe. Lakini alikaa na kukubali, kisha alipata samaki wake, akaenda kazini.

Nanyi watoto, mkiwa nyumbani na mbuzi, mbwa, sungura au mdogo wenu asiyetaka kuchanwa nywele, kumbukeni. Kabla ya kusema «huyu ni mbaya», tafuteni mahali panapomwuma.

MASWALI
1. Kwa nini paka wa manyoya marefu hawezi kujisafisha vema peke yake?
2. Mtu aliyeumwa na paka afanye nini kwanza? Kisha aende wapi?
3. Taja dalili tatu za paka anayetaka uache kumchana.
4. Kwa nini ni hatari kukata fundo kwa makasi?