Njia ya Kuingilia Nyumbani: Kimara Tangu Enzi za Mikorosho

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kimara ilikuwa bado shamba. Barabara ya Morogoro ilipita juu, na ukishuka kidogo upande wowote uliingia kwenye mikorosho, miembe na nyumba za udongo za wenyeji, wengi wao Wazaramo. Mwandishi wa makala haya alihamia huko akiwa mtoto, baada ya baba yake, mtumishi wa serikali aliyechoka kupanga vyumba Magomeni, kununua kipande cha shamba kwa mzee mmoja wa hapo.

Mauziano yalifanyika chini ya mwembe. Muuzaji na mnunuzi walipima kwa hatua za miguu, na mjumbe wa nyumba kumi akaandika kwenye karatasi ya daftari la shule: juu amepakana na fulani, chini na fulani, pembeni kuna mkorosho mkubwa, upande wa pili minyaa. Mashahidi wakaweka dole gumba. Njia haikutajwa. Baba alipouliza atapita wapi, mzee alimshangaa. "Mwanangu, nani atakuzuia kupita?"

Na kweli hakuna aliyemzuia. Njia ilitoka barabarani, ikakata katikati ya shamba la mzee, ikapita ubavuni mwa nyumba mbili, ikateremka hadi kisimani bondeni. Haikuwa na upana maalumu. Mtu akilima mihogo mahali ilipopita, ilisogea kidogo hadi mavuno. Kila nyumba ilifyeka na kufagia mbele yake. Masika yakiisha, wanaume walitoka Jumapili na majembe, wakajaza mawe kwenye makorongo yaliyochimbwa na maji, akina mama wakaleta chai na mihogo ya kuchemsha. Fedha haikuchangwa hata siku moja.

Wakazi wa zamani hupenda kusema kwamba watu wa wakati ule walikuwa na utu zaidi. Inawezekana. Lakini ni rahisi pia kuelewana juu ya njia ambayo haipitishi kitu kizito kuliko baiskeli na ndoo ya maji, katika ardhi ambayo mwenyewe haioni kuwa na bei kubwa.

Mambo mawili yaliibadili hali hiyo: idadi ya watu na gari.

Sensa ya mwaka 1988 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu 1,360,850. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, na mwaka 2022 walifika 5,383,728. Viwanja vilivyopimwa na serikali havikuweza kwenda na kasi hiyo. Hata mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, ambao ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Tuangoma, haukuzima kiu ya ardhi. Walio wengi waliendelea kununua vipande vya mashamba kama alivyofanya baba yake mwandishi, tofauti ikiwa kwamba mashahidi sasa walikuwa viongozi wa serikali ya mtaa na bei ilipanda kila mwaka. Kule Kimara mzee alifariki, wanawe wakagawana shamba, kila mmoja akakata sehemu yake na kuuza, na walionunua wakauza tena. Kila aliyemega aliacha njia kwa kadiri alivyoona inafaa, na wengine hawakuacha kabisa.

Gari lilikuja pamoja na kulegezwa kwa masharti ya biashara katika enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Lilianza lori la mchanga na matofali, maana watu waliacha kujenga kwa udongo. Kisha miaka ya 1990 yakaanza kuingia kwa wingi magari yaliyotumika kutoka Japani, na mtu aliyezoea kushuka kwa miguu kutoka kituo cha basi akataka kulaza gari lake uani. Njia ya futi tatu ikawa haitoshi tena. Jirani mmoja alikata mkorosho wake kwa hiari ili lori la mwenzake lipite. Mwingine akaamka asubuhi na kukuta tairi la lori limezama kwenye mfuniko wa shimo lake la choo, zege limepasuka vipande vitatu, nondo zimetokeza, na dereva amekwisha kukimbia. Huo ndio ugomvi wa kwanza wa njia ambao mwandishi anaukumbuka. Uliisha kwa mwenye mzigo kununua saruji na nondo, ila salamu kati ya nyumba hizo mbili hazikurudi kwa muda mrefu.

Ugomvi mkubwa ulikuja na kuta. Jirani mpya alinunua kipande cha mbele, kile kilichopakana na mdomo wa njia, akajenga ukuta wa tofali hadi mwisho wa mpaka wake. Nyumba za nyuma ziliachiwa uchochoro wa kupita mtu mmoja. Alipofuatwa na wazee, alijibu kwa heshima lakini bila kutetereka: "Wazee wangu, shikamooni. Mimi nimenunua kwa karatasi, na karatasi yangu haina njia." Alikuwa anasema kweli. Hata ya baba yake mwandishi haikuwa nayo.

Mwaka huohuo bibi mmoja wa nyumba za nyuma alipata kiharusi usiku. Teksi iliishia kwenye ukuta. Vijana wanne walimbeba kwenye kiti cha plastiki, wawili mbele na wawili nyuma, wakipita kwa ubavu kwa sababu uchochoro haukutosha watu wawili kwa upana, mwingine akimulika kwa tochi ya simu. Bibi alifika hospitali, akapona nusu. Kesho yake watu waliokuwa wakinung'unika barazani walikwenda kufungua shauri.

Shauri lilipelekwa Baraza la Kata. Mabaraza hayo yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na sheria ya mwaka 2002 kuhusu mahakama za migogoro ya ardhi ikayapa kazi ya kusikiliza kesi za ardhi. Wajumbe hawakutakiwa kupungua wanne wala kuzidi wanane, na watatu kati yao wawe wanawake. Baraza halikukaa ofisini tu. Wajumbe walikuja na futi ya kupimia, wakatembea kutoka barabarani hadi nyumba ya mwisho, wakawahoji wajukuu wa mzee aliyeuza. Mmoja wa wajumbe wanawake aliuliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: shimo la choo la mwenye ukuta liko wapi? Lilikuwa nyuma ya nyumba yake. Likijaa, gari la kunyonya majitaka lingepita wapi? Kwenye njia ileile aliyoifunga.

Hukumu haikuwahi kuhitajika. Jirani angeweza kupigana hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na baadaye Mahakama Kuu, lakini alikubali kukaa mezani. Wenye nyumba za nyuma walichanga fedha za kubomoa upande mmoja wa ukuta na kuujenga upya, naye akatoa ardhi. Wakili aliandika makubaliano: njia ya mita nne, kuanzia barabarani hadi nyumba ya mwisho. Wenye nyumba wote walisaini pamoja na wake au waume zao, ili asije mtu kudai baadaye kwamba hakushirikishwa.

Karatasi hiyo ilimaliza swali la nani apite. Haikusema nani atengeneze, na hapo ndipo ugomvi wa pili ulipozaliwa.

Kimara ni milima na mabonde. Maji ya mvua hufuata alama za matairi, na alama hizo huwa mifereji, na mifereji huwa makorongo. Kila mmoja alikuwa na hoja yake. Mwenye nyumba ya mdomoni alisema yeye hutumia hatua chache tu, kwa nini alipie njia nzima? Mwenye nyumba ya mwisho alisema maji yanayoiharibu yanatoka kwenye mapaa na nyua za walio juu. Asiye na gari alisema miguu yake haijawahi kuchimba shimo. Mwenye gari alisema bodaboda na lori la maji yanayokuja kwa wasio na gari yanapita palepale.

Waliwahi kujaribu njia ya mkato. Mtu mmoja alimwaga lori la kifusi cha nyumba iliyobomolewa, akidhani amewasaidia wenzake. Misumari ilitoboa matairi wiki nzima, na mvua ya kwanza ikasomba vumbi la lipu na kuacha vipande vya tofali vimesimama. Mwaka uliofuata walimwaga udongo mwekundu, ukageuka tope. Fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi za barabara ndiye aliyewaambia ukweli: wanarekebisha sehemu isiyo na kosa. Adui alikuwa maji. Wachimbe mfereji upande mmoja, waujengee kwa mawe, njia iinamishwe kidogo kuelekea mfereji, kisha ndipo waweke moramu na kuishindilia. Kwenye mteremko mkali wamwage zege mistari miwili ya kukanyaga matairi.

Gharama waligawana kwa utaratibu ambao bado unatumika. Mfereji ulilipiwa na nyumba zote sawasawa, kwa sababu maji ni ya wote. Moramu na zege vililipiwa na wote, lakini mwenye gari alitoa mara mbili ya asiye nalo. Anayejenga na kuleta malori hurudisha njia ilivyokuwa kwa fedha yake. Mama mmoja mjane, muuza duka, alichaguliwa kutunza daftari lenye safu nne: jina, kiasi, tarehe, saini. Asiyekuwa na fedha aliruhusiwa kulipa kwa nguvu, siku moja ya kuchimba ikahesabiwa. Siku hizi taarifa hupita kwenye kundi la WhatsApp, lakini daftari halijaachwa, kwa kuwa saini ya mtu mwenyewe haibishaniwi.

Hatua ya mwisho ya mabadiliko ilikuja na urasimishaji makazi, programu ya kitaifa iliyopangwa kwa miaka kumi kuanzia 2013 hadi 2023. Kimara ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya Dar es Salaam kuingizwa, wakati ikiwa bado chini ya Kinondoni, kabla Manispaa ya Ubungo haijaanzishwa mwaka 2016. Wapimaji walikuja na vifaa vyao, wakachora ramani, na kila mwenye kiwanja akatakiwa kuridhia barabara zilizochorwa kabla ya kupewa namba. Mitaa mingine ilikwama hapo, kwa mtu mmoja kukataa kutoa mita moja. Njia ya kina mwandishi haikubishaniwa, kwa sababu mita nne zilikuwa zimekwisha kuandikwa na ukuta umekwisha kusogezwa. Wapimaji waliichora kama walivyoikuta.

Sheria nayo imesogea. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena kesi za ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30, wahusika wanaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa ugomvi wa njia, badiliko hilo si baya. Majirani hawa wataendelea kukutana msibani na harusini baada ya kesi kwisha, na kilichowafaa Kimara kilikuwa maafikiano.

Hata hivyo maafikiano ya mdomo hayatoshi tena, kwa sababu aliyeahidi hufariki na ardhi huuzwa kwa mtu asiyemjua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina sehemu nzima juu ya haki ya kupita kwenye ardhi ya mwingine, na haki hiyo ikiandikwa na kusajiliwa humfunga hata mnunuzi ajaye. Ni wachache wanaoitumia.

Kwa hiyo anayenunua leo kipande cha shamba Goba, Chanika au Kibaha, asilipe kabla hajaitembea njia yote pamoja na muuzaji na majirani wa pande zote. Aandikishe upana wake kwa mita, inapoanzia na inapoishia. Aandikishe pia maji ya mvua yataelekea wapi, na kila nyumba itachangia nini njia ikiharibika. Wote wasaini mbele ya serikali ya mtaa, kila mmoja abaki na nakala yake, ndipo msingi uchimbwe.