Nauli ya Kufuata Mawimbi

Ukitaka kumwambia mama yako kwamba umeweka akiba miezi kumi na mmoja ili usafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwenda kupigwa na mawimbi, usimwambie wakati wa kula. Mimi nilifanya kosa hilo Juni 2024, nyumbani Ujiji. Tulikuwa tunakula ugali kwa kisamvu, siku ya nne mfululizo, maana ziwa lilikuwa limefungwa. Bi mkubwa alirudisha tonge kwenye sahani akaniangalia.

"Mawimbi," alisema. "Kwani hapa yameisha?"

Sikuwa na jibu. Baba Mdogo, aliyekaa upande wa mlangoni, aliendelea kula kama hakusikia. Nyumbani kwetu neno hilo halitamkwi ovyo. Julai 2011 mtumbwi wa baba ulitoka na watu wanne kwenda kuvua, kusi likavuma, ukarudi na watu watatu. Nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo watu wa nyumba yetu wakitaka kusema ziwa limechafuka, husema "leo kuna baridi", hata kama jua linachoma utosi.

Hebu nianzie mwanzo. Mzungu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Kigoma aliondoka akamwachia mlinzi wake ubao wa tanga. Si ngalawa wala si mashua. Ni ubao mmoja mrefu kumpita mtu, chini una pezi, juu una mlingoti usiokazwa, unaoinama kila upande utakao, na tanga la plastiki lenye dirisha. Unasimama, unashika mti wa tanga kwa mikono miwili, na mwili wako wenyewe ndio usukani. Chombo hiki kimo kwenye Olimpiki tangu Los Angeles, 1984. Mlinzi hakuwa na habari hizo. Alikuwa anaanikia muhogo juu yake. Mimi na mshikaji wangu mmoja, fundi seremala, tuliununua kwa bei ya mbuzi. Pezi lilikuwa limepotea, mshikaji akachonga jingine la mninga.

Mwaka mzima tulijifunzia kwenye ghuba ya Kigoma. Kuanguka tulianguka mpaka watoto wakachoka kutucheka. Lakini ghuba ile ni maji ya kulea: rasi ya Bangwe imeikinga na kusi, ndiyo sababu reli ilipofika mwaka 1914 iliishia pale na si Ujiji, na meli ambayo baadaye ikaitwa Liemba ikaungwa pale. Bandari nzuri, ila kwa mtu wa tanga ni sawa na kujifunza baiskeli sebuleni. Nina kibanda cha kutengeneza simu Mwanga, na humo, kwenye simu za wateja (Mungu anisamehe bando zao), nilikuwa naangalia watu wa Hookipa, kule Hawaii, wakipanda wimbi lililosimama kama ukuta, wakiruka na tanga lao, wakitua. Nikasema lazima nilione wimbi la namna ile kwa macho yangu. Hawaii sina nauli yake hata ndotoni. Paje, ninayo.

Basi nikanunua daftari. Nikapiga mistari minne: nauli, upepo, mwezi, maji.

Nauli ilikuwa rahisi. Treni kutoka Kigoma, Uvinza, Kaliua, Tabora, Dodoma hadi Dar. Boti hadi Unguja. Daladala hadi Paje. Upepo nao niliuona rahisi: pwani ya mashariki ya Unguja hupata kusi kuanzia kama Juni hadi Septemba, na kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Wengi huko siku hizi wanatumia kishada badala ya tanga, lakini upepo ni uleule. Kukodi ubao huko wanataja bei kwa dola, na saa mbili tu zilikaribia kodi ya kibanda changu ya mwezi. Nikaandika "tutaomba" na kupita.

Nilipokwama ni kwenye maji. Sisi watu wa ziwa hatujui kupwa na kujaa. Ziwa letu likipanda, linapanda kwa miaka, kama lilivyofanya majuzi Kibirizi hadi likaingia kwenye majengo. Paje maji huondoka mara mbili kwa siku. Mwamba uko mbali na ufuko, mawimbi ya Bahari ya Hindi huvunjikia huko nje, na ndani yake ni maji mafupi ambamo kinamama hulima mwani. Siku za bamvua, mwezi mchanga au mpevu, maji yakitoka unatembea kwa miguu mahali ulipotaka kupita na tanga. Nikahesabu: Julai 21 mwezi mpevu, kwa hiyo niende wiki moja baadaye, maji mafu, yasiyokimbia sana.

Baba Mdogo alikuwa anashinda kibandani kwangu. Uvuvi ulikuwa umesitishwa ziwa zima kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane, na mvuvi asiye na ziwa hana pa kuweka mikono yake. Siku moja alivuta daftari.

"Mbona umeandika mwezi? Unakwenda kuvua?"

Kwake mwezi ni suala la dagaa: penye giza wanafuata taa, penye mbalamwezi unalala nyumbani. Nikamweleza kwamba baharini mwezi unavuta maji, ufuko unabaki mkavu.

"Maji yanakwenda wapi?"

"Yanarudi baharini."

"Si ndiyo bahari hiyo?"

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akachukua kalamu yangu, akaigonga kwenye mstari wa pili. "Kusi umeliandika kama basi. Linaondoka saa ngapi?"

Ndipo nilipojua kwamba mwaka mzima nilikuwa najifunza kwa watu wa kwenye simu, na mwalimu alikuwa anakula kisamvu na mimi. Aliniambia nisihangaike na upepo unaotoka kwa Mungu, niangalie unatoka upande gani wa ufuko. Ule unaotoka nchi kavu ndio mwongo: pale ufukoni vilima vinakukinga, maji shwari kabisa, ukitoka mita mia mbili unakunyakua, na mbele yako hakuna pa kushika ila Kongo, kilomita kama 50. Unaokuja wa ubavu ndio wa kuchezea, maana ukianguka haukusukumi nje ziwani. Nikakumbuka nimewahi kuyasikia hayohayo kwa Kiingereza.

Alisema pia kwamba kusi la siku hizi limezeeka. Nilidhani ni maneno ya wazee wote, lakini mwaka 2003 watafiti walichapisha jambo linalofanana: ziwa limepata joto, upepo umepungua nguvu, na maji ya chini hayachanganyiki na ya juu kama zamani. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470. Chakula cha dagaa kinatoka chini, na anayekoroga ni kusi. Kwa hiyo upepo uleule unaomzuia mvuvi ndio unaompikia. Hili lilinisumbua usiku.

"Sasa mawimbi," alisema, sauti ikashuka. "Hayaji mojamoja. Yanakuja kwa kundi. Madogo, madogo, halafu yale makubwa, halafu panatulia. Unakaa nje unahesabu. Ukiyajua makubwa ni mangapi, unasubiri la mwisho lipite, unaingia nyuma yake." Akanyamaza. Mteja akaja, akachukua simu yake, akaondoka. "Siku ile tulikaa nje ya Ujiji tunahesabu. Yalikuwa matano. Wavu ukaanza kuteleza, baba yako akasimama kuushika. Alisimama kwenye la nne."

Miaka kumi na tatu. Nilijua mtumbwi ulirudi na watu watatu; kwamba Baba Mdogo alikuwa mmoja wao nilijua pia, kama unavyojua jina la mtaa. Sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kusema. Sikujua niseme nini, nikamuuliza kama angependa soda.

Safari haikufanyika. Binti yake alichaguliwa kidato cha tano Tabora, na mwanafunzi wa bweni anataka godoro, sare, ndoo, nauli. Baba yake hakuwa ametia mguu ziwani tangu Mei. Hakuna aliyeniomba. Nisijifanye malaika: nilitoa nikiwa nimenuna, na siku mbili sikuongea na mtu. Dada alipanda treni ileile niliyoiandika daftarini, akashuka Tabora. Kwenye mstari wa nauli zilibaki elfu ishirini na mbili.

Mwanzoni mwa Agosti, asubuhi, kusi lilikuwa limeamka. Mshikaji alikuja na ubao kichwani, tukafunga mlingoti barazani. Bi mkubwa alitoka na kanga begani.

"Leo kuna baridi?" aliuliza.

"Hapana," alijibu Baba Mdogo, akiwa anafunga viatu. "Kuna mawimbi."

Mama alisimama pale muda. Kisha akaingia ndani akatoka na kamba ya katani, akampa shemeji yake, si mimi.

Tulikwenda Katonga, ng'ambo ya Bangwe, ambako hakuna cha kukukinga. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa yote mchangani, na wenyewe wamekaa juu yake bila kazi, kwa hiyo watazamaji hawakukosekana. Upepo wa ubavu. Kamba nilifungwa kiunoni, upande wa pili kwenye ubao. Mara tatu nilitupwa kabla sijapita yale ya ufukoni. Mara ya nne tanga lilijaa, pezi la mninga likalia chini ya miguu, nikatoka. Nje kule mambo si kama kwenye simu. Simu haina uzito. Nilikaa juu ya ubao, tanga limelala majini, magoti yanatetemeka, nikageuka kuangalia nchi kavu.

Baba Mdogo alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, nguo zote mwilini, mkono juu. Kidole kimoja. Ubao ukapanda, ukashuka. Viwili. Vitatu. Cha nne alikinyanyua, akakishikilia juu, akatikisa kichwa, nami nikasubiri.