Pesa za bati tunatuma, za misumari hatutumi

Hapa Québec sheria yenyewe inamkumbusha mtu kwamba majira yanageuka. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili hadi tarehe 15 mwezi wa tatu, gari dogo lililoandikishwa hapa lazima litembee na matairi ya baridi, la sivyo mwenyewe analipa faini. Kwa hiyo mwezi wa kumi na wa kumi na moja garaji za Sherbrooke zinajaa, na sisi mafundi wa nyumba hatulali vizuri. Tunafunga bomba za nje na kumwaga maji yaliyomo kabla hayajaganda. Tunaondoa majani kwenye mifereji ya paa, tunaziba nyufa za madirisha. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na bomba likiwa limejaa litapasuka tu. Gari nalo linapuliziwa oili chini ya tumbo, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inakula chuma.

Kila nikiona oili ile nafikiria Butembo, mji wetu mashariki mwa Kongo. Kwetu, ukifanya vidanji, yaani kubadilisha oili, ya gari au ya pikipiki, oili chafu haitupwi. Inapakwa kwenye miguu ya nguzo za mkaratusi kabla ya kuzisimika, mchwa wasizile. Mji jirani wa Beni, ambako ni chini zaidi na joto limezidi, nguzo isiyopakwa haikai. Angalizo moja: isipakwe karibu na kisima wala chemchemi, maana oili hiyo ni sumu.

Theluji hatuna. Tuna mvua, na mvua ina ratiba yake: mwezi wa tatu hadi wa tano, kisha kuanzia mwezi wa nane hadi karibu mwisho wa mwaka. Butembo iko karibu kabisa na ikweta, kwenye vilima vya zaidi ya mita 1,700, na nyumba nyingi bado ni za miti na udongo chini ya bati. Ukuta wa namna hiyo hufa kuanzia miguuni. Maji yanaanguka kutoka kwenye bati, yanagonga ardhi, yanaruka pamoja na tope na kupiga ukuta palepale chini, mvua baada ya mvua. Mwenye nyumba anatazama juu kuona kama paa linavuja, kumbe nyumba inaliwa kwenye goti. Fundi anayejua kazi huacha bati litokeze mbele vya kutosha, hupanga mawe chini ya ukuta, na wakati wa jua hukanda udongo upya na kuziba palipolika. Juu ya paa anatafuta misumari iliyolegea. Upepo ukitikisa bati, tundu la msumari linapanuka. Kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tyubu ya zamani, kikiwekwa chini ya kichwa cha msumari mpya, kinamaliza kazi.

Halafu kuna jirani. Butembo ni mji wa miteremko, na maji ya paa lako ni lazima yapite kwa mtu kabla ya kufika mto Kimemi. Mfereji ukichimbwa kwako tu, umemhamishia wa chini shida yako, naye ukuta wake utaanguka kwa maji yako. Sherbrooke pia ina vilima, lakini hapa maji ya barabarani yanaingia kwenye mabomba ya mji na hakuna anayemgongea jirani mlango. Kwetu lazima ugonge. Naona hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, ngumu kuliko kupanda paa, na hakuna fundi anayeweza kuifanya peke yake.

Juu ya gari nitasema machache. Vumbi la kiangazi linaziba chujio ya hewa. Tope linakaa kwenye breki na springi. Waendesha pikipiki wetu wanaosafisha mnyororo na kuupaka mafuta jioni hawahitaji kufundishwa na mtu wa Québec.

Kutunza si jambo geni kwetu. Miaka ile serikali haikuonekana, wafanyabiashara wa Butembo walichanga pesa na kutengeneza barabara wenyewe. Kinachonisumbua ni sisi tulio nje. Yaya, ndugu yetu mkubwa, akisema tunajenga, tunatuma. Ukuta ukianguka, tunatuma tena, haraka, kwa deni. Lakini pesa ya misumari, ya mawe na ya siku mbili za fundi haiombwi na mtu, kwa hiyo haitumwi. Mwezi wa pili na mwezi wa saba, kabla mvua haijaanza, ndipo ingefaa ifike.

Na kuna nyumba zisizo na mtu wa kupanda paa. Tangu mauaji ya raia yalipoanza upande wa Beni mwaka 2014, familia nyingi zimeacha nyumba zao na kukimbilia mjini Beni au Butembo. Mwenye nyumba hajui kama bati bado liko. Kwake siwezi kusema habari za mwezi wa saba.

Kwa wale ambao wazazi wao bado wanalala kwao: msiombe picha ya rangi ya sebule. Ombeni picha ya mguu wa ukuta, upande ambao mvua inapiga, na picha ya mfereji hadi pale unapoingia kwa jirani. Kisha mpigieni huyo jirani simu ninyi wenyewe, mumwambie mtachangia na upande wake.