Njia ya Panama na Kadi ya Manjano

Zamani mtu aliyesafiri baharini alikuwa na shida yake: biashara, kazi, Hija au vita. Siku hizi wako maelfu ya watu wanaopanda meli kwa matembezi tu, na miongoni mwa njia wanazozipenda ni ile ya Panama, katika Amerika ya Kati. Meli hizo kubwa, zilizo kama mji uliowekwa juu ya maji, hung'oa nanga katika bandari za Florida, Marekani, zikavuka Bahari ya Karibi, na alfajiri zikafika mlangoni mwa Mfereji wa Panama, karibu na mji wa Colón.

Mfereji huo una urefu wa kilomita 80 hivi. Hapo Gatun meli huingizwa katika chumba cha saruji, milango mikubwa ya chuma ikafungwa nyuma yake, na maji yakafunguliwa. Hapana pampu inayoyasukuma. Huteremka yenyewe kutoka ziwa lililo juu, na meli ikainuka polepole kama kopo linaloelea ndani ya pipa linalojazwa. Baada ya vyumba vitatu imekwisha kupandishwa mita 26 juu ya bahari. Kisha hukata Ziwa la Gatun, katikati ya visiwa vya misitu ambavyo zamani vilikuwa vilele vya vilima, na jioni huteremshwa kwa namna ile ile hadi Bahari ya Pasifiki.

Abiria wanaosimama sitahani na kutazama maajabu hayo huona raha tupu. Lakini njia hiyo ilinunuliwa kwa makaburi. Mwaka 1881 kampuni ya Kifaransa iliyoongozwa na Ferdinand de Lesseps, mtu aliyekwisha kupata sifa kwa Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, ilianza kuchimba. Ilipofika mwaka 1889 kazi ilikuwa imesimama. Fedha zilikwisha, na yakadiriwa kwamba watu wapatao 22,000 walikuwa wamekufa, wengi wao kwa malaria na kwa homa ya manjano.

Homa ya manjano humwanza mtu kwa joto kali na maumivu ya kichwa na mgongo. Wengi hupona baada ya siku chache. Lakini baadhi yao homa huwarudia kwa nguvu, macho na ngozi vikageuka rangi ya manjano, wakatapika damu, na hata nusu ya hao huweza kufa. Wakati wa Wafaransa hapana aliyejua kwa hakika maradhi hayo yanatoka wapi. Katika hospitali yao nzuri ya Ancón, miguu ya vitanda iliwekwa ndani ya bakuli za maji ili sisimizi wasiwapande wagonjwa, na mimea ya bustani ikazungushiwa vyombo vya maji kwa sababu hiyo hiyo. Kumbe katika maji yale masafi ndimo walimozaana mbu wenye kuambukiza. Aliyeingia hospitalini kwa kuumia mguu aliweza kutolewa ni maiti.

Mwaka ule ule wa 1881, huko Havana, daktari Carlos Finlay wa Cuba alikuwa ametangaza kwamba homa hiyo huenezwa na mbu, lakini hakuaminiwa kwa muda wa miaka karibu 20. Mnamo mwaka 1900 madaktari wa Kimarekani walioongozwa na Walter Reed walithibitisha kuwa alisema kweli. Basi Wamarekani walipoichukua kazi ya mfereji mwaka 1904, daktari William Gorgas alianza na mbu kabla ya mawe. Nyumba zilifukizwa dawa, madirisha yakatiwa wavu, maji yaliyotuama yakamwagiwa mafuta, na miji ikaletewa maji ya bomba ili watu waache kuweka mapipa. Hata kufikia mwisho wa mwaka 1906 homa ya manjano ilikuwa imetoweka katika eneo la mfereji. Waliochimba, ambao wengi wao walikuwa watu weusi wa Barbados na visiwa vingine vya Karibi, hawakuepukana na vifo, kwani zaidi ya 5,600 walikufa kwa maradhi na ajali. Lakini kazi ilikwisha, na meli ya kwanza ilipita rasmi tarehe 15 Agosti, 1914.

Ni vema kukumbuka jinsi homa hiyo ilivyofika Amerika. Ilitoka Afrika, nayo ilipanda meli. Wakati wa biashara ya watumwa, meli zilizotoka Afrika ya Magharibi zilichukua, pamoja na watu waliofungwa minyororo, virusi vya homa na mbu waliozaana katika mapipa ya maji ya kunywa. Tangu siku hizo maradhi yamekaa katika misitu ya mabara yote mawili, katika damu ya nyani na tumbili. Kwa hiyo hayawezi kufutwa kabisa duniani, na kumwaga maji ya mapipa peke yake hakutoshi. Inatakiwa chanjo.

Chanjo hiyo nayo ina asili yake Afrika. Mwaka 1927, katika nchi ambayo leo ni Ghana, madaktari walitoa damu ya mgonjwa mmoja Mwafrika jina lake Asibi. Yeye alipona. Madaktari kadhaa waliokuwa wakiichunguza homa hiyo katika Afrika ya Magharibi hawakupona; Adrian Stokes alikufa Lagos mwaka huo huo, na Hideyo Noguchi, Mjapani, alikufa Accra mwaka 1928. Virusi vilivyotoka katika damu ya Asibi vilipelekwa mbali, na huko New York daktari Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, pamoja na wenzake, walivikuza mara nyingi katika nyama ya vifaranga wasioanguliwa bado, hata vikapoteza ukali wao. Chanjo ilikuwa tayari mwaka 1937, na Theiler akatunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1951. Kila anayechanjwa homa ya manjano leo, awe Mombasa au Miami, huchanjwa mbegu iliyotokana na damu ya mtu yule.

Jambo hili lawahusu watu wa Kenya hasa. Vijana wa pwani huajiriwa katika meli za watalii, na wazazi hualikwa na watoto wao walio ng'ambo. Kenya imo katika hesabu ya nchi zenye homa ya manjano. Iliwaua watu katika Baringo na Elgeyo Marakwet miaka ya 1992 na 1993, na ikaonekana tena Isiolo mwaka 2022. Kwa hiyo nchi nyingi humtaka atokaye Kenya aonyeshe kadi ya manjano kabla hajaruhusiwa kuingia.

Wako wanaonung'unika kwamba huo ni usumbufu. Na watazame Bara Hindi. Huko wako mbu wa namna ile ile, na watu zaidi ya bilioni moja, lakini homa ya manjano haijapata kuenea kati yao. Ikiingia kwa msafiri mmoja, nani atahesabu hasara? Ndiyo sababu atokaye katika nchi yenye maradhi bila ya kadi huweza kuwekwa karantini huko hata siku sita. Kadi hiyo, basi, haimlindi mwenye kuichukua tu. Humlinda na yule atakayempokea.

Anayekusudia safari asingoje mpaka siku ya kufunga mizigo. Kadi huanza kukubaliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa kuwa mwili huhitaji muda huo kujijengea kinga. Jina katika kadi liwe sawa na la pasipoti, na tarehe, sahihi na muhuri viwepo. Tangu tarehe 11 Julai, 2016, chanjo moja hukubaliwa kwa maisha yote ya mtu, ambapo zamani ilidumu miaka 10 tu. Basi kadi hiyo na itunzwe kama hati ya shamba. Mtoto aliye chini ya miezi tisa hachanjwi, wala mtu ambaye mayai humdhuru vikali, wala yule ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika. Mja mzito na mwenye umri wa miaka 60 au zaidi wapate kwanza shauri la daktari.

Anayeogopa sindano na amfikirie Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia. Aliikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu yake, na mwezi wa Oktoba, 1977, akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui katika njia ya kawaida. Alipona, na baadaye akawa akienda kuwashawishi wazazi wawachanje watoto wao polio, mpaka alipofariki mwaka 2013 akiwa bado katika kazi hiyo. Kwa ajili ya chanjo, ndui ilitangazwa kuwa imekwisha mwaka 1980, na cheti chake hakidaiwi tena katika bandari yoyote.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyechanjwa ndiye astahiliye kukaribishwa kwa neno hilo.