Mkasi wa Duka la Dawa

Huku Minnesota, ambako Wakisii wengi tumehamia, nafanya kazi katika duka la dawa. Mzigo ukifika, siupangi rafuni kabla ya kuhakiki namba zake. Pembeni mwa kila pakiti kuna mraba mdogo wa vidoti ambao ukisomwa na mashine unataja mambo manne: ni dawa gani, namba ya pakiti hiyo pekee, namba ya bachi (yaani kundi la dawa lililotengenezwa pamoja) na tarehe ya kuisha. Sheria ya Marekani inayodai hayo ilitiwa saini Novemba 2013 na ikapewa miaka kumi itimizwe yote. Miaka ikaisha, muda ukaongezwa, na maduka madogo yalipewa hadi Novemba 2026. Nawaambia hili walio nyumbani kwa sababu wengi hudhani huku hakuna kuchelewa.

Nchi nyingi za Ulaya zimekaza zaidi. Tangu tarehe 9 Februari 2019, namba ya pakiti hufungwa kwenye mfumo dawa inapotolewa kwa mgonjwa. Pakiti nyingine ikija na namba hiyohiyo, inakataliwa.

Sasa twende nyumbani Kenya, sokoni Nyamarambe. Mama anafika dukani na shilingi chache mkononi. "Daktari, nipatie za siku mbili tu, nikipata pesa nitarudi." Mkasi unachukuliwa, karatasi ya dawa inakatwa, vidonge vinne vinatiwa kwenye bahasha ndogo ya kaki, juu inaandikwa 1x2, yaani kimoja mara mbili kwa siku. Namba ya bachi na tarehe ya kuisha zimegongwa kwenye ukingo mmoja wa karatasi ile, na mara nyingi ukingo huo unabaki dukani. Simlaumu muuzaji. Asipokata, yule mama atarudi nyumbani mikono mitupu.

Hata huku Minnesota mgonjwa hapewi ule mraba. Tunamhesabia vidonge kwenye kichupa. Ila kichupa kina jina lake na simu ya duka, na sisi tuna kumbukumbu zake. Bachi ikiondolewa sokoni, tunajua wa kumpigia.

Aprili 2024, Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya iliagiza bachi namba 329304 ya Benylin, dawa ya maji ya watoto, iondolewe sokoni, baada ya wakaguzi wa Nigeria kusema wamekuta ndani yake kiwango kikubwa cha diethylene glycol, kemikali ya sumu. Kampuni yenye dawa ilisema baadaye kwamba vipimo vyake havikuiona kemikali hiyo. Vyovyote iwavyo, mzazi mwenye chupa nyumbani angeweza kuigeuza, asome namba na kuiweka kando siku ileile. Chupa haikatwi. Ingekuwa vidonge vya kwenye bahasha, angesoma nini?

Ndiyo maana naamini kwamba hata mashine za kusoma ile miraba zikijaa kila soko kuanzia Nyamarambe hadi Tabaka, kazi yake itaishia pale mkasi unapopita, tusipoziba pengo hilo. Na kuliziba hakungoji mashine. Wenye maduka, peni mnayo tayari mkononi mnapoandika 1x2: ongezeni namba ya bachi na tarehe ya kuisha, kisha andikeni simu ya mteja kwenye daftari. Nawe unayenunua, usiondoke dirishani kabla hujaandikiwa namba hiyo, hata kama ni vidonge viwili.