Walitaka nianguke ndipo waniamini

Binti yangu ana umri wa miaka tisa, na kila tuendapo gulioni huwa na kanga mbili: moja amejitanda, nyingine ameikunja kikapuni. Hiyo ya pili ni yangu. Nimemfundisha kwamba mama akianguka, kazi yake ya kwanza si kulia wala kukimbilia watu, ni kunifunika. Kisha anilaze ubavu, aondoe jiwe lililo karibu na kichwa, asimruhusu mtu yeyote kunitia kijiko kinywani, angoje. Nina kifafa tangu usichana wangu. Hapa kwetu Mabira waliokijua walikuwa wachache, hadi nilipolazimika kukitangaza mwenyewe.

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, na iliporejea majirani zangu wanne wakaunda kikundi. Mwenyekiti wao, mzee aliyepoteza mguu, alinikuta nyumbani nikianika kahawa. Akaegemeza gongo lake ukutani, akasema, "Mwanangu, nilikuwapo ulipoanguka kwenye msiba wa dada yako. Wewe ni wetu. Njoo tuwe watano."

Tulikusudia kufuga kuku wa mayai. Kwangu mimi hiyo ilikuwa kazi iliyonifaa mno, maana ni ya nyumbani, mbali na moto na mbali na pikipiki. Mwenye kifafa hupanda bodaboda kwenye vilima vyetu huku roho i mkononi, na mafiga matatu ni adui yake wa kila siku. Mkono wangu wa kushoto una kovu kutoka kiwiko hadi vidole. Nililipata siku niliyoangukia jikoni, uji ukichemka, wala nyumbani hamkuwa na mtu.

Ofisi iliyopitia majina yetu sitaitaja. Wenzangu walipita mmoja mmoja bila maneno mengi. Zamu yangu ilipofika, bwana mmoja aliniangalia kutoka mtandio hadi kandambili. "Mama, umekuja kwa miguu yako, fomu umeisoma mwenyewe, sahihi umetia. Ulemavu wako uko wapi?" Nikaeleza. Nikaonyesha kovu. Akasema kovu la moto kila mwanamke anayepika analo. Mwenzake akaongeza kwa mzaha, "Labda tungekuona ukianguka." Wakacheka, nami nadhani hawakukusudia ubaya. Jina langu likapigwa mstari mwekundu.

Njiani mwenyekiti wetu alitembea kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mimi sijaulizwa cheti hata siku moja."

Usiku ule nilimkumbuka mwanamke ambaye Ibn Abbas (r.a.) alimsimulia Ataa bin Abi Rabah habari zake, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba huanguka kifafa na mwili wake hufunuka. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, lakini akaomba aombewe jambo moja, asifunuke, naye akaombewa. Nimeisikia Hadithi hiyo mara nyingi katika darsa, na mara zote mafunzo yake yalikuwa subira. Usiku ule nilisikia mengine. Hatusomi kwamba aliambiwa kwanza aanguke ili aaminike. Tena dua yake naifahamu mpaka mifupani, kwa kuwa kuanguka kwenyewe sikuoni. Mimi huona nyuso za watu nizindukapo, na hutazama haraka kama miguu yangu imefunikwa. Basi ofisi ile ilitaka niwaonyeshe hasa kile ninachomwomba Mola akisitiri.

Baba watoto alishauri tuliache, akasema stara ni bora kuliko mkopo. Nusura nimtii. Lakini stara yenyewe ilikwisha kuvuja. Maneno ya ofisini yalifika gulioni kabla yangu, na wasichana wawili hawakurudi tena katika madrasa ninayowasomesha barazani. Wengi wetu bado huamini kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza. Haliambukizi. Nimelala chumba kimoja na dada zangu utoto wote, nimezaa, nimenyonyesha, na hakuna niliyempa.

Mwalimu mmoja wa sekondari alinisaidia kuandika rufaa. Tuliisoma Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, katika simu yake. Inamtambua mtu mwenye upungufu wa mwili, akili au hisia, ambaye uwezo wake unabanwa na vikwazo vya mitazamo ya watu, mazingira na taasisi. Nikarudia kusoma nikitafuta pahali palipoandikwa kwamba upungufu huo sharti uonekane kwa macho. Hapapo. Mwalimu akanionyesha pia kwamba Uingereza kuna kadi inayomruhusu mlemavu kuegesha gari karibu na aendako, na kwamba tarehe 30 Agosti 2019 England iliipanua rasmi iwafae wenye ulemavu usioonekana, kama usonji. Hata hivyo wapo wanaokataliwa huko, nao hukata rufaa. Nilicheka kidogo, maana mimi sina hata baiskeli.

Sitaki kuwadhulumu waliokaa nyuma ya meza ile. Vikundi hewa vimekula fedha za walemavu, na wapo wazima waliojificha nyuma ya gongo la mtu mwingine. Kuuliza ni haki yao. Wangeuliza daftari langu la kliniki, lenye miaka ya vidonge, tarehe kwa tarehe, ningewapa palepale. Lilikuwa mkobani.

Niliambatanisha barua ya daktari na nakala ya daftari hilo. Zikapita wiki saba. Tulipoitwa tena nilikwenda na binti yangu, kikapu mkononi. Safari hii alikuwapo kijana ambaye sikumwona mara ya kwanza. Alisoma barua hadi mwisho, akaniomba radhi kwa usumbufu, akaliandika jina langu upya chini ya wenzangu wanne. Kisha akauliza aandike ulemavu wa aina gani. Nikamtajia. Akapitisha kalamu juu ya orodha yake iliyochapwa, wa viungo, wa macho, wa kusikia, akafika chini bila kukiona kifafa. Akaandika "Mwingineo", akanigeuzia karatasi nitie sahihi.