Pesa ya Chumvi

Nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, lakini nyumba hasa ilikuwa uani. Wanaume walikaa barazani na bao lao. Kwetu uani kulikuwa na mafiga, mitungi, vitoto vimelazwa mikekani, na akina mama wa kila kabila, Mzaramo na Mmanyema, Mdigo na Mnyamwezi, wakisukana nywele huku wakimsema asiyekuwepo.

Dar es Salaam ya enzi hizo iligawanywa kwa rangi. Wazungu Uzunguni, kwenye upepo wa bahari. Wahindi Uhindini. Sisi weusi Kariakoo na Ilala. Mnazi Mmoja paliachwa wazi kati yetu na Wahindi, eti kuzuia maradhi yasivuke. Ukiuliza maradhi yanatoka upande gani, jibu unalo.

Mama alikuwa mtu wa ngoma. Kila kundi lilikuwa na sare, na vijumbe wa kupita nyumba kwa nyumba. Arusi au msiba ukitokea, kabla ya adhuhuri uani pamejaa watu na sufuria zao. Kundi moja liliitwa Bomba. Mimi, kwa akili ya kitoto, nilidhani ni lile bomba la maji tulilopanga foleni kila alfajiri. Mwimbaji wake alikuwa Bibi Titi Mohamed.

Mwaka 1955 alikuja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza wakubwa wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Chama kilikuwa hakijatimiza hata mwaka, na wanawake walikuwa wa kuhesabu. Ndipo Bibi Titi akatafutwa. Hakuanza kwa hotuba. Aliwaendea viongozi wa ngoma. Vijumbe wale wale, nyumba zile zile, ila safari hii mwaliko ulikuwa wa kadi. Kufika Oktoba wanawake walioandikishwa walikuwa wapata 5,000. Wasomi huandika kana kwamba chama ndicho kilichotuamsha. Nani alikuwa amelala?

Nyumbani kwetu palikuwa na kikwazo. Baba alikuwa karani wa serikali, na mtumishi wa serikali alipigwa marufuku kujiunga na siasa. "Utanifukuzisha kazi," alimwambia Mama, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Mama akasema, "Nimesikia, baba watoto." Kesho yake akachukua kadi.

Aliificha ndani ya mto wa sufi, akaushona. Kila siku ya mkutano Mnazi Mmoja alijitanda kanga akaaga kwamba anakwenda kumjulia hali somo yake. Somo huyo aliugua miaka sita! Ada aliitoa kwenye pesa ya chumvi, aliyoachiwa na Baba kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa natumwa dukani mimi, bei ya chumvi naijua, na pesa ile ilizidi. Nilinyamaza.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya uhuru ikapandishwa. Baba alirudi alfajiri, viatu vimejaa vumbi, akaketi juu ya kibao cha mbuzi uani, mahali ambapo sikuwahi kumwona ameketi. Akavua kofia.

"Mama watoto," akasema, "hebu fumua huo mto, niione chumvi yangu."